Trekta limegoma, kompyuta imenuna: namna ya kurekebisha gari na trekta la kisasa bila kusubiri wakala

Wadau, kabla sijaanza ngoja niwape kisa. Trekta lilikuwa katikati ya shamba, jembe limezama, mara likapiga alamu, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi na nguvu ikashuka palepale, yani unakanyaga mafuta halipandi, linanguruma tu kama linakudharau. Oili ipo, maji yapo, dizeli safi. Napiga simu kwa wakala wa kampuni ya trekta naambiwa usiguse kitu, fundi wetu anakuja na laptopu. Akaja siku ya sita. Akachomeka waya wake, akabonyezabonyeza, akafungua soketi moja ubavuni mwa injini, akaipuliza, akaisugua kidogo, akairudisha, akafuta kodi, akaniandikia risiti akaondoka. Soketi! Siku sita za msimu zimeyeyuka kwa sababu ya kutu ya kijani kwenye pini moja ambayo hata mimi na tochi yangu ningeiona, kama tu ningejua pa kuangalia.

(Kodi ninazosema humu ni zile namba za hitilafu jamani, si kodi ya nyumba.)

Nilichokuja kugundua baadaye ni kwamba hizi mashine hazijafungwa kila mahali, ila tumetishwa mpaka tunaamini zimefungwa kila mahali. Kazi ya kurekebisha ukiichambua ina vipande vitatu: kusoma, kubadilisha na kutambulisha. Kusoma ni kujua kompyuta inalalamikia nini. Kubadilisha ni spana na bisibisi, kazi ileile ya zamani. Kutambulisha ndo kuiambia kompyuta kwamba hiki kipuri ni kipya, kikubali. Kufuli kubwa limewekwa kwenye hicho cha tatu. Cha kwanza unaweza kufanya sehemu kubwa mwenyewe, cha pili karibu chote. Kwa hiyo kabla hujapiga simu kwa mtu jiulize tatizo lako liko kipande gani, maana wengi tunamlipa wakala kwa kipande cha tatu wakati tatizo halijavuka hata cha kwanza.

Tuanze na kusoma, kwenye gari. Chini ya dashibodi upande wa dereva kuna soketi ya pini 16, inaitwa OBD2. Marekani waliilazimisha kwa magari yote kuanzia modeli za 1996, Ulaya wakafuata kwa magari ya petroli 2001 na dizeli baadaye kidogo, ndo maana leo kidude kimoja kidogo cha ELM327 kinachoongea na simu kwa Bluetooth kinasoma magari ya kampuni nyingi tu. Chomeka, washa swichi bila kuwasha injini, fungua apu, soma. Na hapa ndo watu wanakosea: wakiona kodi wanaifuta hapohapo waone kama itarudi. Usifute! Andika kwanza, piga picha skrini, halafu tafuta sehemu ya apu inayoonyesha hali ya injini sekunde ile hitilafu ilipotokea, yani joto lilikuwa ngapi, mwendo gani, injini inazunguka kiasi gani. Ukifuta kodi hiyo taarifa nayo inaondoka, na ilikuwa ndo shahidi wako wa pekee.

Herufi ya mwanzo inakwambia uende wapi. P ni injini na gia, B ni bodi, C ni upande wa breki, usukani na sasisi, U ni kompyuta hazisikilizani. Ikianza na P0 maana yake ni ileile kwa kampuni zote, ikianza na P1 mara nyingi ni ya kampuni husika, kwa hiyo usichukue maana ya P1 ya gari la jirani ukaileta kwenye lako.

Halafu kodi sio hukumu. Chukua P0171, injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta. Mtu anaisoma, anaona imetajwa na sensa ya oksijeni iliyoko kwenye ekzosi, anakimbilia kununua sensa mpya, anafunga, kesho taa imerudi. Sensa ile ilikuwa inasema kweli! Hewa kweli imezidi, pengine kuna mpira wa hewa umepasuka nyuma ya kipimo cha hewa, au kipimo chenyewe kimechafuka, au pampu ya mafuta imechoka. Sensa ni mjumbe, na mjumbe hauawi.

Sasa trekta, kombaini na mashine nyingine kubwa. Hizi nyingi zina soketi ya duara ya pini 9 na lugha yake inaitwa J1939, kile kidude cha gari na apu yake mara nyingi havitaelewa hata ukinunua waya wa kubadilisha umbo, inabidi viwe vinaijua J1939. Ila kabla hujanunua chochote pekua kwanza menyu za skrini ya trekta lenyewe. Mengi yanaonyesha kodi zenyewe kabisa, ziko ndani ndani huko kwenye ukurasa ambao hakuna aliyewahi kukuonyesha siku ya kukabidhiwa funguo. Mi nilikaa na langu miaka sijui kama lina huo ukurasa.

Kodi za J1939 zinakuja na namba mbili na ukizijua umepata nusu ya elimu ya fundi wa wakala. Ya kwanza ni SPN, inataja kitu gani: 100 ni presha ya oili ya injini, 110 ni joto la maji ya injini. Ya pili ni FMI, inasema kitu hicho kina shida ya namna gani, na hapa ndo pana utamu. FMI 3 ni umeme umezidi kwenye waya wa hiyo sensa, FMI 4 ni umeme uko chini kuliko kawaida, FMI 5 ni waya umekatika au haugusi. FMI 0 na 1 zenyewe ni kwamba kipimo chenyewe kimepanda mno au kimeshuka mno, kwa hatari. Kwa hiyo SPN 100 FMI 1 maana yake zima injini sasa hivi, usimalizie hata mstari, presha ya oili inaonekana imeanguka, pima kwa geji ya mkono kabla ya kuwasha tena. Lakini SPN 100 FMI 3 au 4 inanuka waya. Taa ni ileile, alamu ni ileile, safari ni mbili tofauti kabisa. Langu la siku ile lilikuwa FMI 3, nimekuja kuliona baadaye kwenye risiti ya yule fundi, na laiti ningejua.

Basi ukishajua ni waya, chukua multimita, kile kipimo cha umeme. Usitumie balbu ya kupimia kwenye nyaya za kompyuta, inavuta umeme mwingi inaweza kuua kitu. Sensa nyingi za presha zina nyaya tatu: mmoja unaleta volti 5 kutoka kwenye kompyuta, mmoja ni ethi, mmoja unarudisha taarifa. Chomoa soketi, washa swichi, weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri na mwekundu gusisha pini mojamoja upande unaotoka kwenye kompyuta. Lazima upate mahali karibu 5. Usipopata, hiyo sensa unayotaka kununua haina kosa, umeme haufiki. Ukipata, geuza: mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye pini ya ethi, mita isome karibu sawa na betri. Ikisoma pungufu ethi imechoka. Halafu usisukumize ncha nene ya mita ndani ya pini ya kike, utaitanua, kesho itakuwa inagusa na kuachia na utakuwa umejitengenezea ugonjwa mpya, tumia pini nyembamba au gusa pembeni.

Alafu tikisa. Huku mita ikiwa imeshikiwa na mtu, wewe fuata ule mkungu wa nyaya kwa mkono, kunja kidogo, vuta kidogo, hasa pale unapopita kwenye kona ya chuma, karibu na ekzosi, na pale ulipofungwa kibano. Namba ikiruka umefika. Panya nao wanapenda sana hizi nyaya, ukikuta vinyesi juu ya injini usihangaike na laptopu kwanza.

Kama una kodi za herufi U au mashine nzima inaonyesha kodi ishirini kwa mpigo, usianze kununua vipuri ishirini. Angalia betri na ethi zake kwanza, volti ikishuka kompyuta zinaweweseka. Kisha pima ile njia ya mawasiliano: chomoa betri, weka mita kwenye ohm, pima pini 6 na 14 kwenye soketi ya gari, au C na D kwenye ile ya duara ya trekta. Kawaida inasoma karibu 60, kwa sababu kuna vizuizi viwili vya 120, kimoja kila mwisho. Ukipata 120 kimoja hakionekani, pengine waya umekatika mahali. Ukipata karibu na 0 nyaya mbili zimegusana. Kuna magari yana geti la kompyuta nyuma ya soketi, yani kompyuta inayochuja mawasiliano, na yatakupa namba nyingine, kwa hiyo angalia mchoro wa nyaya kwanza usije ukahangaika na gari zima.

Haya, kipande cha tatu sasa, penye kufuli. Sheria yangu ni moja: kabla hujafungua boliti, uliza kama kipuri hicho kinahitaji kutambulishwa, na kama kinahitaji, nani ana kifaa, yuko wapi, anapatikana lini. Baada ya kufungua umechelewa. Nozeli za dizeli za kisasa nyingi zina namba ndefu imechorwa kichwani, kompyuta inazitumia kujua kila nozeli inamwaga mafuta kiasi gani, ukifunga mpya bila kuingiza namba injini inaweza kutetema au kutoa moshi. Kama unazitoa kuzisafisha tu, piga picha kila moja na uirudishe silinda yake. Breki ya mkono ya umeme inabidi iwekwe kwanza kwenye hali ya sevisi ndo ubadilishe pedi, ukisukuma pistoni kwa nguvu unavunja mota. Baadhi ya magari hata betri mpya inataka kusajiliwa. Funguo na kontroli boksi (kompyuta yenyewe ya gari) ndo usiseme, boksi ya mtumba unaifunga vizuri na gari haliwaki, limekataa mgeni. Kwenye matrekta vali za haidroliki na klachi za gia mara nyingi zinataka kupimishwa upya baada ya kufungwa, ila hapa kuna habari njema, kwa mashine nyingine hicho kipimo kimo kwenye menyu yake mwenyewe na kitabu cha sevisi kinaonyesha hatua zake.

Kwa fundi huru wa magari kuna njia inaitwa J2534. Ni kifaa kinachounganisha laptopu yako na gari ili utumie programu halali ya kampuni yenyewe, unalipia muda wa kutumia badala ya kununua mtambo mzima wa wakala. Kampuni nyingi zina tovuti ya taarifa za ufundi. Ukifika hatua ya kuandika programu mpya ndani ya boksi, chomeka chaja imara inayoshikilia volti ya betri muda wote, umeme ukiyumba katikati ya kuandika unaweza kubaki na boksi iliyokufa, na hiyo haina spana.

Sasa kuhusu haki yenyewe, maana wengi wanaomba wakati walitakiwa wadai. Ilikoanzia kelele kubwa ni Marekani. Jimbo la Massachusetts wapigakura walipitisha 2012 kwamba fundi huru apate taarifa zilezile anazopata wakala, na 2014 kampuni za magari zikakubali kufuata utaratibu wa namna hiyo nchi nzima. Matrekta hayakuwemo. 2015 wakati wa kubishania kama mwenye mashine anaruhusiwa kuvunja kufuli la programu ili aitengeneze, kampuni ya matrekta ya John Deere walijenga hoja kwamba mnunuzi amepata leseni tu ya kuendesha hiyo programu, yani chuma chako, akili yake ya kwao. Mwaka huohuo Maktaba ya Bunge ya Marekani, ambayo ndo inasimamia hakimiliki huko, ikaruhusu wenye magari na matrekta wavunje hilo kufuli kwa ajili ya matengenezo. Januari 2023 Deere wakasaini makubaliano na American Farm Bureau Federation, umoja wa wakulima wa huko, kuwapa wakulima na mafundi huru vitabu na vifaa, jimbo la Colorado likatunga sheria yake ya mashine za kilimo iliyoanza tarehe 1 Januari 2024, na Januari 2025 tume ya biashara ya huko, FTC, pamoja na majimbo ya Illinois na Minnesota, ikawapeleka Deere mahakamani kuhusu kuhodhi matengenezo. Umoja wa Ulaya una kanuni ya magari, iliyoanza na ile ya 2007 na sasa iko kwenye ya 2018, na ya matrekta ya 2013, zinazotaka taarifa za matengenezo zitolewe kwa mafundi huru. Afrika Kusini miongozo ya ushindani ilianza tarehe 1 Julai 2021, mwenye gari anaruhusiwa kupeleka kwa fundi anayemtaka hata waranti ikiwa bado inaishi. Australia wana mpango wa lazima wa kugawana taarifa toka 1 Julai 2022, ila matrekta waliyaacha nje.

Faida yake kwako hata kama nchi yako haimo hapo: hivyo vitabu na programu za wateja tayari zipo, zimetengenezwa, zinauzwa mahali. Wakala akisema hakuna kitu kama hicho, kipo. Kwa hiyo usiongee naye kwa simu, andika. Mi huwa naandika hivi: "Mimi ni mmiliki wa mashine yenye namba ya sasisi hii. Naomba kitabu cha sevisi, mchoro wa nyaya, orodha ya kodi za hitilafu na maana zake, na programu ya uchunguzi inayotolewa kwa wateja. Kama kuna ambacho hamtanipa, naomba mnijibu kwa maandishi ni kipi na kwa nini." Hiyo sentensi ya mwisho ndo inayofanya kazi. Mtu anayekataa kirahisi kwenye simu, kwenye barua anaanza kutafuta bosi wake.

Waranti nayo isikutishe kupita kiasi. Marekani toka 1975 kuna sheria inayokataza kampuni kukufungia waranti kwenye vipuri vya jina lake tu isipokuwa inakupa bure au imepata kibali maalumu, kwingine soma karatasi yako uone imeandikwa nini hasa, sio muuzaji amesema nini. Weka daftari: tarehe, saa za injini, oili gani, filta gani, risiti, picha kabla na baada. Daftari chafu lenye alama za grisi limeshawahi kunitetea kuliko maneno yangu yote.

Kuna kitu nitasema na najua wengine mtanikasirikia. Zile programu zilizovunjwa kufuli, nawaelewa wanaozitumia, mwaka 2017 iliripotiwa wakulima wa Marekani wenyewe walikuwa wanatumia za kutoka Ukraine baada ya kuchoka kusubiri. Lakini hujui aliyeivunja ameongeza nini ndani, kwa hiyo usiweke kwenye laptopu yenye mambo yako ya benki. Na kuzima mfumo wa kusafisha moshi ili upate nguvu hiyo sio kurekebisha, nchi nyingi ni kosa, na kila anayefanya hivyo anawapa kampuni kisingizio cha kufunga mlango kwa sisi wengine. Usidhani pia kufuli ni la vipuri tu, mwaka 2022 matrekta na kombaini zilizoibwa Melitopol, Ukraine, zilifika Chechnya zikakutwa zimezimwa kwa mbali. Wote tulipiga makofi, mwizi kaumbuka, ila swichi hiyo ipo na haiko mkononi mwa mwenye mashine.

Usalama kidogo. Presha ya dizeli kwenye injini za kisasa inaweza kuzidi bar 2,000, usitafute uvujaji kwa kidole hata siku moja, tumia kipande cha kadibodi, mafuta yanapenya ngozi na kidonda kinaonekana kitobo tu kumbe ndani kunaoza, ukipigwa nenda hospitali saa hiyohiyo. Haidroliki shusha vifaa chini na toa presha kwanza. Nyaya za rangi ya machungwa kwenye gari la haibridi au la umeme achana nazo kama hujafundishwa, na mfuko wa hewa wa usukani usiupime na multimita.

Na kama bado hujanunua, una nguvu ambayo hutakuwa nayo tena, pesa iko mfukoni mwako. Muulize muuzaji akuonyeshe, sio akuambie, ukurasa wa kodi kwenye skrini. Muulize kitabu cha sevisi kinapatikana wapi, nozeli ikifa nani mwingine zaidi yenu anaweza kuingiza namba, na data za mashine zinakwenda kwa nani. Trekta langu la pili nilizunguka kwa wauzaji wawili na maswali hayo. Wa kwanza alinipa kalenda na kofia. Wa pili alikuwa kijana tu, akasema swali la nozeli hajui, akapanda kwenye kiti tukaanza kupekua menyu wote wawili mpaka tukaipata kurasa ya kodi, ilikuwa na kodi moja ya zamani, tukaitafuta maana yake palepale, ikawa waya wa taa ya nyuma. Nikanunua kwake.